Hodi kwenye Mlango Usio na Kitasa

Nuru ya Ulimwengu ni mchoro wa rangi za mafuta ambao Mwingereza William Holman Hunt aliukamilisha mwaka 1853 na kuuonesha London mwaka uliofuata. Kristo amesimama usiku na taa mkononi, kichwani ana taji la dhahabu lililosokotwa na miiba, naye anabisha mlango. Msingi wake ni Ufunuo 3:20. Magugu yameuzonga mlango huo, vyuma vyake vimeliwa na kutu, popo anarukaruka juu, matofaa yamelala chini. Upande wa nje hauna kitasa.

Hunt alikuwa mmoja wa vijana walioanzisha kundi la Pre-Raphaelite mwaka 1848, walioshikilia kwamba jani lichorwe kama jani lilivyo. Kwa ajili ya mchoro huu alikesha mashambani Surrey akichora kwa mbalamwezi. Swali linaanzia hapo. Jani lililochorwa kwa uaminifu wote huo ni jani. Linapataje kuwa ishara ya dhambi? Kiswahili kina maneno mawili yanayolifaa swali hili, dhahiri na batini: kinachoonekana, na kilichofichika ndani yake.

Mhakiki wa sanaa John Ruskin aliamini batini hiyo inaweza kufunguliwa kwa barua. Watazamaji wengi walikuwa wametatizika, naye Mei 1854 akaandika katika gazeti la The Times kwamba taa ni dhamiri inayomfichulia mtu uovu wake, na mng'ao wa kichwani ni tumaini la wokovu. Baadaye Hunt naye alieleza: mlango ni akili iliyojifunga kwa ukaidi, magugu ni uzembe wa kila siku, popo ni ujinga.

Maelezo hayo yana faida, lakini yanaugeuza mchoro kuwa kamusi. Ishara iko karibu zaidi na kitendawili: jibu lake hukaa kwa watu waliozoea maisha ya aina fulani, na wakibadilika watu, jibu nalo huyumba. Popo wa hadithi za Waswahili si ndege wala si mnyama; aibu yake ni ukigeugeu, wala si ujinga.

Mlango ndio unaodhihirisha hili vizuri zaidi. Katika mtaa wa Makongeni mjini Thika, Kenya, ambao jina lake bado limebeba mkonge, mlango wa chuma wenye komeo la ndani ni kitu cha kawaida. Huko kitasa kinachokosekana nje hakimshangazi mtu. Kinachoshangaza ni magugu. Mlango ulioota magugu humwambia mpita njia kwamba mwenye nyumba alihama au alifariki, na hakuna wa kuitikia. Akitazama hivyo, mkazi wa Makongeni anaona hofu ambayo Ruskin hakuitaja: huenda nyumba ni tupu.

Tena Mswahili hategemei kugonga tu, hupiga hodi. Hodi ni sauti inayomtambulisha mgeni, na nguvu yote humwachia mwenyeji, ambaye karibu yake ndiyo kibali. Adabu ya pwani, iliyojengwa juu ya sura ya An-Nur na mafundisho ya Mtume, inataka hodi isizidi mara tatu. Asipoitikiwa, mgeni arudi alikotoka bila kinyongo. Mgeni wa Hunt anavunja adabu hiyo. Magugu yanaonesha mlango haujafunguliwa kwa miaka, naye bado yupo. Kwa msomaji wa Kiswahili, uzito wa kiroho wa mchoro uko zaidi katika subira hii inayopita kiasi cha heshima, kuliko katika taa yenyewe.

Njia nyingine ya kuileta ishara karibu na mtazamaji ni kuibadili dhahiri yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Elimo Njau, mzaliwa wa Tanganyika aliyesomea Makerere, alichora kwenye kuta za kanisa la Murang'a, kaskazini mwa Thika, maisha ya Kristo katika mandhari na sura za Wagikuyu. Pale mtazamaji hahitaji barua ya kumfafanulia vilima vyake mwenyewe. Njau alipata ukaribu. Hunt, bila kukusudia, alipata ugeni, na ugeni huo ndio unaoufanya mlango wake uendelee kuulizwa.

Hunt aliurudia mchoro huo katika umri mkubwa, macho yakiwa yamefifia. Nakala hiyo kubwa ilizungushwa Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini kuanzia 1905, kisha ikawekwa katika kanisa la Mtakatifu Paulo, London. Ule wa kwanza uko Chuo cha Keble, Oxford. Chini ya fremu yake, mahali ambapo mtazamaji hapaoni, Hunt aliandika kwa Kilatini ombi fupi: Bwana asimpite.