Kitenge cha Mteja Aliyekimbia

Sisi tuliokuwa na cherehani Buyenzi, Bujumbura, tuna swali ambalo halijatuacha. Aprili 2015, maandamano yalipoanza mjini, wateja wengi walikimbia ghafla na vitambaa vyao vikabaki kwetu. Mama mmoja alikuwa ameleta kitenge cha yadi sita na avansi ya nusu. Tulikuwa tumeshakikata kwa vipimo vyake.

Kikishakatwa, ni cha nani? Kitambaa chake, jasho letu. Wenzetu walisema tukiuze, kodi ya chumba inadaiwa. Tulikataa: gauni la mtu kulivalisha mwingine ni wizi, hata kama sindano ni yako. Kutoka sura ya 22 husema juu ya mali uliyowekewa na jirani, ila haitaji miaka ya kungoja.

Basi tulilimaliza, tukakimbia nalo. Huku kambini, usiku wa baridi, tuliwafunika watoto kwa gauni hilo. Hapo hatukujiuliza lolote. Sasa limepauka mabegani, na avansi tuliila zamani. Mama huyo akitokea Jumapili mlangoni mwa kanisa, tumdai nusu iliyobaki, au tumlipe kitenge?