Hulka Njema na Hatamu ya Maisha

Hapana mtu asiyetamani kuishika mwenyewe hatamu ya maisha yake, lakini ni wachache wanaojiuliza kama hatamu hiyo hupatikana kwa mali, kwa nguvu, au kwa hulka. Epictetus, aliyezaliwa mtumwa katika dola ya Rumi, alifundisha kwamba mambo yote ni mafungu mawili, yaliyo katika hiari yetu na yasiyokuwamo. Na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alibainisha kuwa tawakali ya kweli haimwondolei mja wajibu wa kutenda.

Mkulima wa mikorosho wa Kisarawe huijua tafauti hiyo bila ya kuisoma kitabuni. Mvua kunyesha mikorosho ikiwa katika maua, ubwiriunga kuingia shambani, bei kuanguka mnadani, hayo hayamo katika hiari yake. Bali kupalilia, kupuliza salfa kwa wakati, kuanika korosho mpaka zikauke, na kuizuia nafsi isitie mchanga katika gunia ili uzito uzidi, hayo yamo. Anayetia mchanga hudhani ameitawala bahati, kumbe ameitoa raha yake rehani kwa kila mtu awezaye kumfichua: humwogopa karani wa mizani, humwogopa jirani aliyemwona, na mwisho huiogopa kauli yake mwenyewe. Mwaminifu aweza kupata hasara mwaka huo huo, lakini utulivu wake haumo mikononi mwa mtu mwingine.

Katika vilima vya Pugu, jirani na Kisarawe, Mwalimu Julius Nyerere alitakiwa mwaka 1955 achague baina ya ualimu na siasa, akauacha ualimu pamoja na mshahara wake. Kwa hesabu ya fedha alipungukiwa. Kwa hesabu ya hiari, uchaguzi wake ulikuwa milki yake, kwa kuwa ulitoka katika jambo aliloliamini.

Hata hivyo, ni dhuluma kumwambia fukara kwamba unyonge wake ni matunda ya hulka mbaya. Mama ambaye mtoto wake ana homa, na zahanati iko mbali, hakosi subira wala bidii, amekosa njia. Hili lilifahamika mwaka 1963, Tanganyika ilipopatana na nchi za Nordiki kuanzisha huko Kibaha mradi uliounganisha shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima, ambao ulikabidhiwa kwa serikali mwaka 1970: ujinga, maradhi na umaskini vilipigwa vita pamoja, kwa sababu kila kimoja hupunguza eneo la hiari ya mwanadamu.

Basi nyenzo hulipanua eneo hilo, na hulka huamua nani atawale ndani yake. Mwenye nyenzo asiye na hulka hutawaliwa na tamaa na hofu. Mwenye hulka asiye na nyenzo hujitawala katika uwanja mdogo mno kwa utu wake. Kwa hiyo anayemhubiria kijana adili, naye aweza kumpa elimu na tiba asimpe, hajaitimiza nusu ya adili anayoihubiri.