Je, Vijidudu Husemezana?

Wataalamu hutuambia ya kuwa vijidudu vya kipindupindu, maradhi yaliyozuka Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015 yakafika hata Mwanza, husemezana. Neno hili ni zito. Asemaye ana nia, na mwenye nia aweza kulaumiwa. Basi yafaa tulipime.

Kila kijidudu hutoa nje kemikali fulani, na chenyewe huipokea. Vikiwa vichache, kemikali hupotea. Vikizidi, hukusanyika, navyo vyote hubadili mwenendo. Ajabu ya kipindupindu ni kwamba vijidudu vyake hutengeneza sumu vikiwa bado vichache tumboni. Vikijaa huacha, hujibandua na kurudi majini. Wanahisabati wameliandika jambo hili kwa hesabu fupi: zidisha wingi wa vijidudu kwa kiasi cha kemikali kitolewacho na kimoja, kisha gawanya kwa kasi ya kupotea kwake.

Lakini jibu laweza kuwa kubwa kwa kuwa vijidudu ni vingi, au kwa kuwa maji yametulia tu. Watu wa ziwani twalijua hili kwa pua: debe moja la dagaa katika chumba kilichofungwa hunuka kuliko magunia yaliyoanikwa ufukweni penye upepo. Pua haitambui kama dagaa ni wengi au mlango umefungwa. Mwaka 2002 Rosemary Redfield, mtaalamu wa Kanada, alitoa hoja ya namna hii: huenda kijidudu hakihesabu vingine, bali hupima tu kama kinachokitoa kitabaki karibu au kitachukuliwa. Hesabu ni ile ile kwa maelezo yote mawili.

Sisi twaona kwamba kemikali hiyo si neno, kwa maana hakuna hapo aliyeweza kunyamaza. Hatudharau hesabu, huenda siku moja ikasaidia kuvidanganya vijidudu viache sumu mapema. Twachelea lugha. Tukizoea kunena kwamba kipindupindu kimeamua kurudi, nani atauliza habari za vyoo? Katika vilima vya mawe vya Mwanza, mvua huteremsha uchafu wa vyoo mpaka kwenye visima na ziwani. Aliyechimba choo juu ya kisima cha jirani aliweza kuchimba kwingine, na baraza iliyopita hapo ikanyamaza iliweza kusema.