Muhuri wa Bastola ni Shahidi wa Nani?

Chukulia mkulima wa Tindiga, huko Kilosa, anatifua jaruba lake la mpunga na jembe likagonga chuma. Anakung'uta udongo: ni rivolva, ile bastola ambayo risasi zake hukaa katika gurudumu linalozunguka. Kutu imeila, lakini ubavuni zingali zinaonekana alama ndogo zilizogongwa: taji, herufi mbili, kitu mfano wa mshale. Kila atakayeitazama atauliza kwanza, ni ya nani? Swali hilo laonekana kuwa la historia tu, kumbe ni la maadili pia. Maana muhuri ni ushahidi, na shahidi hutazamwa amesimama upande gani.

Kilosa ilikuwa mikononi mwa Wajerumani hadi Agosti 1916, majeshi ya Waingereza na Makaburu yalipoingia. Chuma hicho, basi, chaweza kuwa cha upande wowote. Rivolva za jeshi la Ujerumani, za mwaka 1879 na 1883, ziligongwa herufi zenye taji, alama za wakaguzi, na aghalabu alama ya kikosi. Webley ya Waingereza ya mwaka 1915 ilibeba mshale mpana, alama ya mali ya serikali. Ikiuzwa nje ya jeshi, hugongwa mshale wa pili, ncha ikiielekea ncha. Muhuri wa namna hii wamtaja mwenye mali, basi. Ng'ombe naye huchomwa chapa vivyo hivyo, na wafugaji wa mbuga za Mkata hawahitaji kufundishwa jambo hilo.

Upo muhuri mwingine, na huo ndio wa kutaamaliwa. Mjini Birmingham iko nyumba ya majaribio iliyoasisiwa mwaka 1813. Humo silaha hujazwa baruti kupita kiasi, ikafyatuliwa. Isipopasuka, hugongwa taji na herufi. Alama hiyo imeokoa mikono na macho ya watu wengi, wala haifai kubezwa. Lakini yathibitisha nini? Kwamba silaha haitamdhuru aliyeishika. Aliye mbele ya mtutu hakugongewa chochote.

Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, ambao Zanzibar ilikuwa miongoni mwa wanachama wake, ulitaka silaha walizoruhusiwa watu binafsi ziandikishwe na kutiwa alama, na kibali kimtaje mchukuzi. Nia iliyotangazwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, nayo ilikuwa nia njema. Ila vikosi vya serikali viliachiwa mlango wazi. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, wenyeji waliikabili bombomu kwa mikuki na magobori. Si haki kuutwika muhuri peke yake mzigo wa msiba ule. Lakini ni haki kuuliza kwa nini mdhibiti hakujidhibiti.

Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004, ambayo Tanzania iliitia saini, yataka silaha itiwe alama inapoundwa na inapoingizwa nchini, na zile za vyombo vya dola ziwekewe orodha. Hapa muhuri, walau kwa nia, unamgeukia aliyepigwa: damu ikimwagika, njia ya silaha ifuatwe kurudi nyuma. Ndiyo sababu mhalifu hukimbilia tupa. Hata hivyo nyundo ya muhuri hukikandamiza chuma hadi chini ya herufi, na mtaalamu akikisugua na kukipaka tindikali, namba iliyofutwa yaweza kuibuka.

Washairi wengi wa mwambao walikuwa na desturi ya kutia majina yao katika beti za mwisho, ili msomaji amjue wa kuulizwa juu ya yaliyonenwa. Walijigonga muhuri wenyewe. Bastola yamtaja aliyeiunda, aliyeikagua, serikali iliyoimiliki. Kidole kilichovuta hakimo.

Mkulima wa Tindiga, akiwa mwema, ataipeleka kituoni. Taji litasomwa, mshale utasomwa, pengine na mwaka. Kisha askari atachukua kalamu aulize jina, na jina la kwanza la mtu kuandikwa kando ya bastola ile litakuwa la yeye aliyeifukua.