LUTU ALIINUA MACHO YAKE

Somo: Mwanzo 13:1-18



Mwezi wa Agosti walinijia mume na mke vijana, pamoja na watoto wao wawili wadogo. Walitoka Dodoma, mji mkuu wa nchi yetu. Shauri la kuuhamisha mji mkuu toka Dar es Salaam lilikatwa mwaka 1973, lakini Serikali ilianza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016. Mume huyu ni karani, naye alihama pamoja na kazi yake. Sasa wamechoka. Kodi ya nyumba hula mshahara. Baba hutoka alfajiri na kurudi watoto wamelala. Na mtoto mdogo ameanza kumwita yaya wake mama. Wakanena wao kwa wao, Na tuondoke mjini, tukawalee watoto wetu mahali penye shamba na hewa safi. Wakafika kwetu Mbinga, wakashuka hata mwambao wa Ziwa Nyasa, kisha wakaniuliza, "Baba Mchungaji, tukae wapi?"

Sikuwajibu siku ile. Nawajibu sasa katika gazeti hili, kwa sababu najua ya kuwa si wao peke yao wanaouliza. Ninyi walimu na wainjilisti wa vijijini mtaulizwa zaidi kuliko mimi, maana mgeni akifika kijijini hubisha kwanza mlango wa mwalimu.

Katika somo letu twasoma kwamba Abramu na Lutu walikuwa na mifugo mingi, hata nchi haikuwatosha. Abramu akampa Lutu ruhusa ya kuchagua kwanza. Lutu akainua macho yake, akaliona bonde la Yordani, nalo lilikuwa na maji mengi na uzuri wa bustani. Akalichagua, akaenda zake.

Angalieni, ndugu, macho ya Lutu hayakumdanganya. Bonde lilikuwa zuri kweli, na maji yalikuwamo. Kosa lake lilikuwa kutazama tu bila kuuliza. Hatusomi kwamba alimwuliza Mungu, wala Abramu aliyemzidi umri, wala mtu wa nyumbani mwake. Sura ile ile yatuambia tabia ya watu wa Sodoma, nayo ilikuwa habari iliyojulikana; Lutu angaliuliza, angaliambiwa. Alichagua maji na malisho, akapokea na majirani.

Basi nasi tuna bonde letu. Mtu atokaye Songea hupita Mbinga, nayo barabara ya lami humshusha kilometa 66 hata Mbamba Bay. Mbinga iko juu, zaidi ya meta 1,000 juu ya bahari, penye baridi na kahawa; ziwa liko chini sana, kwenye meta 470 hivi. Mtu akiteremka huliona ziwa ghafula kati ya vilima, maji ya buluu yasiyo na ng'ambo, mitumbwi na mchanga mweupe. Katika mwezi wa Agosti mvua hakuna, mbu ni wachache, na njia zote ni kavu. Yule kijana alipoona hayo alitaka kununua kiwanja jioni ile ile.

Mkewe aliuliza maneno mawili tu: "Maji ya kunywa huchotwa wapi? Na mtoto akishikwa na homa usiku, tutampeleka wapi?" Mume akacheka kidogo, akasema, "Mungu aliyetufikisha hapa atatuongoza."

Nalishtuka moyoni, kwa maana maneno hayo nalipata kuyasema mimi mwenyewe. Sasa nitawasimulia jambo ambalo sijapata kuliandika.

Yapata miaka 20 iliyopita nalikuwa mwinjilisti kijana, nami nikapelekwa kijiji kimoja cha mwambao. Wazee walinionyesha mahali pawili pa kujenga. Pamoja palikuwa juu kilimani, penye upepo na mawe, mbali na maji. Pengine palikuwa chini, karibu na kijito chenye matete, penye mchanga mzuri na kivuli. Ilikuwa Agosti. Nikachagua chini. Sikuuliza kwa nini mahali pazuri namna ile pamekaa bure miaka yote. Mke wangu aliniuliza, "Masika ikija, kijito hiki hufika wapi? Nasi tutapita wapi?" Nikamjibu kwa sauti ya mhubiri, "Bwana atafungua njia." Akanyamaza.

Mwezi wa Machi kijito kilijaa hata mlangoni. Mbu wakawa wengi sana, na mtoto wetu wa kwanza akashikwa na malaria. Barabara ya siku zile ilikuwa ya udongo, nayo ilikuwa imekatika mahali pawili. Tulimbeba mtoto usiku kwa miguu, mimi na mama yake kwa zamu. Hatukufika naye.

Mke wangu hajanilaumu hata leo. Lakini nimeyapima maneno yangu mara nyingi mbele za Mungu, nami nimeona hivi: siku ile sikumtegemea Mungu. Nalilitumia jina lake kulinyamazisha swali la mke wangu. Imani ya kweli haiogopi kuulizwa. Nalikuwa mvivu wa kuuliza, nikauita uvivu wangu imani.

Je, kuuliza ni dhambi? Someni Hesabu 13. Nchi ile Mungu alikwisha kuwaahidi Israeli, hata hivyo Musa aliwatuma watu kuipeleleza, akawapa maswali wazi: udongo ni mwema au mbaya, watu ni wengi au wachache, miji ina kuta au hema, miti imo au haimo. Kama nchi ya ahadi yenyewe ilipelelezwa, si zaidi shamba la Mbinga na kiwanja cha Mbamba Bay? Naye Bwana wetu, katika Luka 14, asema habari za mtu ajengaye mnara, ya kuwa huketi kwanza na kuhesabu gharama.

Basi, wewe baba utakaye kuwahamisha watoto wako, pokea maswali haya.

Kwanza, itazame nchi wakati wake mbaya. Usiitazame Agosti tu. Kwetu mvua huanza Novemba au Desemba, huendelea hata Aprili. Njoo Machi. Tazama maji husimama wapi, na njia ipi hukatika. Kule milimani njoo Juni na Julai, uone kama mtoto mwenye kifua aiweza baridi. Kule ziwani uliza habari za malaria, na za kichocho, kwa maana konokono wake hukaa katika maji yaliyotulia penye majani, nao watoto hupenda kuogelea papo hapo. Uliza na habari za mamba milangoni mwa mito. Hospitali zipo, kama ile ya Litembo milimani na ile ya Liuli mwambaoni. Lakini pima mwendo wa toka mlangoni pako hata huko, tena upime usiku wa mvua.

Pili, muulize atakayebeba mzigo. Mume huchagua nyumba kwa macho, bali mke huijua kwa kichwa kibebacho ndoo na mgongo ubebao mtoto. Swali lake si ukosefu wa imani. Mara nyingi ni Mungu anayekuonya kwa kinywa kilicho karibu nawe.

Tatu, ujue mkate utatoka wapi, na lini. Kahawa imelimwa Mbinga tangu miaka ya 1920, nayo imesomesha wengi. Lakini mche ukipandwa leo hungoja miaka kama mitatu kabla ya kuzaa, na fedha yake huja mara moja kwa mwaka. Aliyezoea mshahara wa kila mwezi atajifunza upya kuhesabu. Kule ziwani usipa huvuliwa usiku kwa taa, na upepo wa kusini ukivuma siku nyingi hakuna mtumbwi utokao. Yule mke kijana ni mshonaji, ana cherehani yake. Nalimwambia mumewe, "Cherehani hii huenda ndiyo itakayowalisha miaka mitatu ya kwanza. Basi kaeni mahali penye watu wa kushonewa."

Nne, ipate ardhi kwa haki. Ardhi ya kijiji, kwa sheria ya mwaka 1999, iko chini ya Halmashauri ya Kijiji, na Mkutano wa Kijiji hupasa kukubali. Usimpe fedha mtu wa njiani aonyeshaye kwa kidole. Tena sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kuharibu ndani ya meta 60 toka ukingo wa ziwa; kwa hiyo mchanga ule mzuri mno usiutamani kuujengea nyumba. Abramu, alipotaka kaburi la Sara, alisimama langoni mbele ya wenyeji wote, akapima fedha wakiona.

Tano, uliza madhabahu iko wapi. Abramu alipofika Hebroni alimjengea Bwana madhabahu; habari ya Lutu kujenga hatuisomi. Ninyi mjuao nchi hii mwafahamu kwamba sharika zetu za Kilutheri si nyingi huku. Milimani Wakatoliki ni wengi, na mwambaoni Waanglikana wana mizizi ya tangu zamani. Mgeni wa kwetu huenda atatembea mbali Jumapili. Na alijue hilo mapema, ili aiweke madhabahu kwanza mezani pake, asubuhi na jioni, na watoto wajue baba yao husali hata kengele isiposikika. Tena awaheshimu majirani wa kanisa jingine, kwa maana siku ya msiba ndio watakaoingia kwanza nyumbani mwake.

Labda mtu atasema, Mchungaji, ukiuliza haya yote hutapata mahali duniani. Ni kweli, hakuna mahali pasipo kasoro. Watazameni Wamatengo. Katika karne ya 19 babu zao walikimbilia milima hii kwa hofu ya vita vya Wangoni. Hawakuichagua kwa uzuri. Miteremko ni mikali, na mvua ingaliweza kuchukua udongo wote. Lakini waliujua ubaya wa mahali pao, wakautafutia dawa, ndiyo ngoro. Waume hufyeka majani na kuyapanga kwa mistari inayokatana, mfano wa miraba. Wake hulima udongo wa katikati na kuyafunika majani yale, hata katikati hubaki shimo. Mvua ikinyesha, maji hutua shimoni wala hayachukui udongo, na majani huoza yakawa mbolea. Maharage hupandwa Machi, kisha mahindi mvua za mwaka zikirudi. Milima ile imewalisha watu wengi hata leo. Tena angalieni, ngoro haifanywi na mume peke yake, wala na mke peke yake. Nyumba ambayo mmoja huchagua na mwingine hunyamaza haitaweza mlima.

Na ukiisha kukosea, usione haya kuhama tena. Mwaka 1875 wamisionari wa Scotland walikaa Cape Maclear, kusini mwa ziwa hili, katika nchi iitwayo leo Malawi, kwa kuwa bandari yake ni nzuri. Lakini homa iliwaua, na wenyeji walikuwa wachache. Mwaka 1881 wakahamia Bandawe. Huko nako homa haikuisha, hata mwaka 1894 Daktari Robert Laws akapanda Khondowe, juu milimani, na kazi yao ikasimama imara. Jina la Livingstonia walilichukua toka mahali hata mahali. Hawakusema kwamba makaburi ya kwanza yamewafunga wasiondoke.

Ninyi walimu na wainjilisti, nina neno kwenu. Mgeni akiwauliza habari za kijiji chenu, msikisifu kama mfanya biashara asifuvyo bidhaa yake. Tunafurahi kupata mkristo mpya na mchango mpya, lakini roho za watoto wake ni zaidi. Mwonyesheni mahali ambapo maji hufika masika. Mtu angalinionyesha mimi, au mimi ningaliuliza, mambo yangalikuwa mengine.

Mwisho, mkumbukeni Yusufu. Yeye naye alikuwa baba kijana mwenye mtoto mdogo. Aliporudi toka Misri alitaka kukaa Uyahudi, karibu na mji mkuu. Lakini akasikia ya kuwa Arkelao anatawala huko, akaogopa kwa ajili ya mtoto, na Mungu akamwonya katika ndoto. Akaenda Galilaya, akakaa Nazareti, mji usiosifiwa na mtu. Yusufu alisikiliza habari za nchi, tena akamsikiliza Mungu. Hakuacha hili kwa ajili ya lile. Naye Mwokozi wetu alikulia hapo.

Wale vijana wawili hawakununua kiwanja. Nimekwisha kuwaandikia, nao wamekubali kuja Machi, wakae mwezi mmoja nyumbani kwetu, siku chache milimani na siku chache ziwani, kabla ya kutoa fedha. Mke wangu ndiye aliyeshauri hivyo. Safari hii nalimsikiliza.

Bwana atupe macho ya kuona, masikio ya kusikia, na unyenyekevu wa kuuliza. Amin.