Paja la Nguruwe na Jirani Asiyelila

Hapa Balangdalalu nalichemsha paja la nguruwe kwa chumvi, vitunguu na tangawizi mpaka nyama iachane na mfupa. Sufuria yake ni ya peke yake. Shoga yangu Mwislamu anakunywa chai kwangu bila wasiwasi.

Jirani Msabato hunisomea Walawi 11, inayokataza nguruwe. Mimi Mlutheri namjibu kwa Marko 7, kwamba vyakula vyote ni safi, tunacheka. Ila mnyoo wa tegu hausomi Maandiko. Nyama ya nguruwe mbichimbichi huweza kumpa mlaji tegu. Mayai ya tegu huyo, yakitoka na kinyesi cha mlaji na kumezwa na jirani asiyewahi kuonja nguruwe, huangua viluwiluwi vinavyoweza kufika ubongoni mwake na kumletea kifafa. Watu wa Mbulu wanaujua ugonjwa huo.

Basi kwangu unajisi ni kumlisha mtu nyama isiyoiva. Chemsheni hadi mfupani, mjenge na choo.