Nuru ya Uwanja na Giza la Njia

Mwenye kuandaa hafla ya usiku nje ya nyumba hujiuliza maswali mengi juu ya taa: ziwe ngapi, zitundikwe wapi, ziwe nyeupe au za manjano, jenereta iwekwe umbali gani ili ngurumo yake isiyameze maneno ya msemaji. Maswali hayo huonekana kuwa ni ya fundi. Lakini ndani yake limo swali jingine ambalo fundi peke yake hawezi kulijibu: kati ya watu waliokusanyika mahali pamoja, nani ana haki ya kwanza ya nuru?

Kimali, katika Mkoa wa Simiyu, ni mahali panapofaa kulipimia swali hilo. Mkoa huo ulioundwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi, ni nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba na ng'ombe, ya mbuga tambarare na kaya zilizoachana. Huko jua likishatua jioni haikawii. Ikweta i karibu, na nusu saa haipiti ila giza limekwisha kuishika nchi. Anayehudhuria harusi au mkesha aghalabu huja kwa miguu au kwa baiskeli, na njia ya kumrudisha kwake haina nguzo hata moja ya taa.

Chukuliwe basi kwamba mwandalizi wa harusi mahali kama hapo ana globu nane na jenereta moja. Mazoea yanajulikana, Bara na Visiwani. Globu zote nane huelekezwa jukwaani, kwenye meza kuu, kwa maharusi na mgeni rasmi. Kinamama walio mafigani hupakua wali kwa tochi ya simu iliyobanwa kwapani. Chooni hakuna taa. Na pale viti vinapokoma, nuru nayo hukoma, kana kwamba aliyekaa nyuma ya kiti cha mwisho hakualikwa.

Wapo watakaolitetea pambo hilo, na hoja yao haifai kupuuzwa. Watasema kwamba nuru ni heshima, na mgeni huheshimiwa kwa kuonekana. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mgeni huyo awekwe gizani? Watasema pia kwamba anayeghani shairi lazima aone karatasi yake, na wasikilizaji wauone uso wake, kwani nusu ya shairi imo usoni mwa mghani. Yote hayo ni kweli. Kosa haliko katika kuwaangazia walio mbele. Kosa liko katika kudhani kwamba walio mbele wakishaangaziwa, walio nyuma wamebaki vile vile walivyokuwa.

Hawakubaki vile vile. Jicho la mwanadamu likitoka penye mwanga mkali huhitaji dakika ishirini hadi thelathini kulizoea giza sawasawa. Bibi aliyekaa saa tatu akitazama jukwaa linalowaka, akiinuka kwenda zake, huiingia njia akiwa kipofu kuliko alivyokuwa alipokuja. Shimo ambalo angeliona kwa nuru ya nyota sasa halioni. Kwa hiyo taa ya jukwaa haikumnyima nuru tu; imemwongezea giza. Hapo ndipo jambo la fundi linapogeuka deni. Aliyewasha taa kali amechukua kitu machoni mwa wageni wake, na anawajibika kukirudisha kabla hawajafika njiani.

Katika Kanda ya Ziwa deni hilo lina uzito wa pekee. Tangu katikati ya miaka ya 2000, watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo katika sehemu kadhaa za kanda hiyo kwa sababu ya imani za kishirikina, na wengi walivamiwa usiku. Kwa mtu wa namna hiyo, hatua mia moja baina ya uwanja na nyumba si hatua mia moja za mtu mwingine. Tena macho yake huumizwa na mwanga mkali, na taa iliyowekwa usawa wa uso humpofusha kabisa. Basi yeye ana madai mawili kwa mpigo mmoja: uwanjani taa ipandishwe juu na ielekezwe chini isimchome, na njiani iwepo taa asije akatembea peke yake gizani. Mpango wa taa unaomtosheleza yeye utamtosheleza kila mtu; lakini unaomtosheleza mgeni rasmi hauna ahadi yoyote kwake.

Wazee walipanga nuru zao kwa mwezi. Ngoma za mbalamwezi zilingojea usiku mweupe, na usiku wa Maulidi wenyewe, tarehe 12 ya Mfunguo Sita, huangukia mwezi ukikaribia kukamilika, hata msomaji wa Barzanji na mtoto aliyesinzia ukutani wakarudi makwao chini ya nuru ile ile. Mwezi haukupata kuwekwa meza kuu. Karabai ilipokuja, na baadaye umeme, mwanadamu alipata uwezo ambao hakuwa nao: kuchagua nani aangaziwe. Uwezo wa kuchagua ndio unaoleta lawama.

Watu wa Unguja hawahitaji kuelezwa jambo hili kwa kirefu. Umeme utokao Bara ulipokatika Mei hadi Juni 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, mji uligawanyika kwa sauti: penye ngurumo ya jenereta palikuwa na nuru, penye kimya palikuwa na mshumaa. Mtaa uliozoea kujiona ni mmoja uliona kwa macho yake mpaka uliokuwa umefichwa na globu za kila siku.

Lakini kudai nuru zaidi kila mahali si jawabu. Giza nalo lina wenyewe. Jirani mgonjwa ana haki ya kulala. Binti aliyekaa kando ana haki ya kutomulikwa usoni ili apigwe picha. Hata ufukweni, watoto wa kasa wanaoanguliwa usiku huipoteza bahari wakizifuata taa za nchi kavu. Anayepanga taa kwa uadilifu basi hapimi wingi, anapima mahali. Globu nne jukwaani, moja jikoni, moja chooni, mbili njiani, zote zimeinama chini: hesabu ni ile ile ya nane, gharama ni ya waya tu, na hakuna mgeni rasmi atakayeshindwa kuonekana.

Taifa lenyewe limekwisha kulikiri jambo hili kwa ishara, ingawa halilikumbuki kila likiandaa hafla. Mwenge wa Uhuru uliwashwa kileleni mwa Kilimanjaro katika usiku wa uhuru wa Tanganyika, Disemba 1961, na tangu 1964 umekuwa ukikimbizwa nchini, watu wakikesha nao pale unapolala. Maana ya mwenge imo katika mwendo wake: ni taa inayowafuata watu waliko, wala haiwangoji jukwaani. Ni ajabu kidogo kwamba waliokesha na moto huo usiku kucha huweza kurudi makwao kwa kupapasa.

Swali la mwisho la mwandalizi ni la saa. Taa ya mwisho izimwe lini? Mara nyingi huzimwa mgeni rasmi akishaondoka, kwa kuwa petroli ni ghali. Lakini baada yake wapo wanaokunja viti, na baada ya hao wapo wanaosugua masufuria kwa majivu, nao ndio walioanza kazi kabla ya wote. Kwa haki, jukwaa ndilo lingetangulia kuzima, na taa ya njiani ingengoja mpaka mwosha masufuria wa mwisho ajitwike beseni lake na kufika kwake.